Shume na Karamu ya Kapuni

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Na nyumba na ua, na jiko na moshi, na paka kajinyoosha!

Kajinyoosha wapi?

— Penye jua! Simulia, tumekaa!

Basi nianze na jambo lililonishinda. Katika nyumba ya Bi Mwanashe, paka na panya waliishi pamoja miaka tisa. Paka hakumla panya, na panya hakuhama. Siku paka alipokuwa hatarini, aliyemwokoa ni panya. Je, alimwokoa kwa kumpenda, au kwa kujipenda? Swali hilo nimeligeuzageuza tangu utotoni, nimewauliza waliosoma na wasiosoma, na mpaka leo sijui. Ngano ninayo, jibu sina.

Nyumba ile ilikuwa ya mawe, imepakwa chokaa, na siku hizo mlango wake haukufungwa mchana. Ukipita saa tano ungesikia mbuzi ikikuna nazi, kwaru-kwaru-kwaru, na ungenusa samaki na asumini kwa pamoja. Harufu ile sijui imehamia wapi. Mle ndani hakuna aliyekuwa na sahani yake peke yake. Sinia lilikuwa moja na mikono mingi, na aliyefika wakati wa chakula alisogezewa nafasi, hata kama hakuna aliyelijua jina lake.

Paka wa nyumba aliitwa Pamba, mweupe, mzee, meno yamebaki matatu. Panya aliitwa Chembe, na makazi yake yalikuwa ufa ulio nyuma ya mtungi. Kila asubuhi Pamba alisema, "Chakula changu, umeamkaje?"

Naye Chembe alijibu, "Nimeamka salama, bibi, sijaliwa."

Wakacheka, kila mmoja akashika njia yake.

Ndipo akazuka Shume, paka dume wa sokoni, asiye na kwao, shingo nene kama mchi. Kila Ijumaa, samaki akiiva tu, alikuwa mlangoni.

"Hodi, shangazi!"

"Karibu, mwanangu."

"Sikuja kula, shangazi. Nimepita kukujulia hali."

Kisha akaingiza kichwa katika sahani ya Pamba, lapu-lapu-lapu! Akimaliza kichwa cha samaki, akapiga chafya humo humo, chya! Macho yanamtoka tongotongo, pua inavuja, masikio anayakuna karu-karu-karu. Pamba naye akala palepale, baada yake.

Sisemi Shume alikuwa mbaya. Aliyezaliwa chini ya meza ya muuza samaki hujifunza kula haraka, na hakuna aliyewahi kumpangusa pua. Lakini Chembe, katika kupitapita kwake mtaani, alikuwa ameona mambo. Paka wa fundi cherehani alikula na Shume Ijumaa. Jumatatu akapiga chafya. Wiki ya pili akazikwa chini ya mkomamanga. Paka wa mwalimu wa chuoni alikula na Shume Ijumaa. Jumatatu akapiga chafya. Wiki ya pili akazikwa kando ya yule wa kwanza.

Na siku moja Chembe alimsikia Rukiya, mkaza mwana wa Bi Mwanashe, akisema, "Mama, huyu Pamba amechoka. Akifa tuchukue mmoja wa kule ghalani. Vijana wale, meno yote yamo!"

Mkia wa Chembe ukaingia baridi. Akatoka ufani mbio.

"Bibi, usile tena sahani moja na Shume. Ana maradhi."

"Chakula changu, mgeni haambiwi toka. Katika nyumba hii nani amewahi kula peke yake?"

"Atakuua, bibi!"

Pamba akafumbua jicho moja. "Na wewe unanihofia mimi, au unamhofia yule wa ghalani?"

Chembe akatazama sakafu. Akarudi ufani.

Basi ikapigwa mbiu mtaani kwamba Ijumaa, kabla ya sala, bwana mifugo atakuwa uwanjani. Mwenye paka na amlete achanjwe. Ilipofika siku hiyo Bi Mwanashe akatoa kapu la ukindu, akatandika kanga kuukuu, na chini ya kanga akaficha kipande cha nguru cha kumvutia Pamba. Kifuniko akakifunga uzi, akakiinua, akautundika uzi ule kwenye msumari. Kisha akaingia ndani kutafuta buibui lake. Pamba alikuwa darini, anakoroma.

"Hodi, shangazi!"

Chembe akajitokeza, sauti ameikaza. "Karibu, bwana mkubwa. Leo umekuja siku yako."

"Wewe tonge, shangazi yuko wapi? Sahani iko wapi?"

"Sahani? Mgeni wa heshima kama wewe ale sahani moja na kibibi kisicho na meno? Leo umetengewa chumba." Akaelekeza mkia kwenye kapu. "Nguru yumo humo."

Shume akanusa. "Kipande kimoja tu?"

"Hicho cha kwanza. Mgeni akikaa kimya huletewa cha pili."

"Akizidi kukaa kimya?"

"Cha tatu. Ila akitoa sauti hata kidogo, heshima imekwisha, karamu imevunjika."

"Mimi kwa kunyamaza hunijui!" akasema Shume, akajitosa kapuni. Chembe akapanda ukuta, akautafuna uzi, kri-kri-kri, kifuniko kikaanguka, pu!

Bi Mwanashe akarudi. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee. Akapapasa kifuniko, akakifunga, akajitwika. "Ala! Pamba, leo umekuwa mzito hivi?"

Kimya. Shume anangoja kipande cha pili.

Uwanjani bwana mifugo akafungua kapu. "Bi Mwanashe, Pamba wako si mweupe?"

"Mweupe kama jina lake."

"Huyu wa kijivu. Tena dume. Tena mgonjwa!"

Watu wakaangua kicheko. Shume alingoja cha pili, akaletewa sindano, chu! Akangoja cha tatu, akaletewa dawa ya macho. Akangoja cha nne, akamiminiwa dawa masikioni. Hapo heshima ikamshinda: nyaaaau!

"Huyu atakaa bandani kwangu mpaka apone," akasema bwana mifugo. "Pamba mlete sasa hivi, achanjwe angali mzima. Na asile sahani moja na paka wa njia."

"Bwana wee, nimfundishe paka uchoyo?"

"Mfundishe kuishi, mama."

Bi Mwanashe akarudi mbio mbio, akambeba Pamba hadi uwanjani, naye akachanjwa. Mchana ule Pamba akajilaza karibu na mtungi, bega linamuuma.

"Chakula changu, umeshindaje?"

"Nimeshinda salama, bibi, sijaliwa."

Ngano yangu nimeitua. Mwenye nyingine aiinue. Funzo lake mlishike sana: panya hana faida yoyote nyumbani, mkimwona mpigeni ufagio. Na mkialikwa karamu, nyamazeni kimya, mtashiba.

Ama lililoamuliwa, Bi Mwanashe aliliamua siku ile ile. Sahani ziwe mbili, ya Pamba jikoni, ya wapita njia nje barazani, na hiyo ya nje ioshwe kila siku kwa maji ya moto na jivu. Na paka wa njia asivuke mlango. Kuosha aliosha mwenyewe. Kulinda mlango kulifanywa na Shume. Aliporudi, macho makavu na masikio safi, aliikuta sahani barazani, akaionja, akaipenda, akajilaza mbele yake. Tangu siku hiyo hadi uzeeni hakuna paka aliyeikaribia nyumba ile hata kwa hatua kumi, kwa kuwa Shume hakuwa tayari kumgawia yeyote hata mwiba.