Donge la Chachu la Bi Umaima

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi mjane mchamungu aitwaye Umaima, mwenye ulimi mkali na moyo laini. Mtaa mzima ulimjua kwa chachu yake. Zama zile kila nyumba ilipokanda unga ilibakiza donge dogo la kuumulia mkate wa kesho, na aliyepoteza lake alikwenda kuomba kwa Umaima. Hakumnyima mtu, ila hakuna aliyeondoka bila kukaripiwa.

Kisha ikaja tauni. Ndugu zangu, iliwachukua wanawe wote wanne, innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Lilipotoka jeneza la mwisho, Umaima alijilaza mkekani akageukia ukutani. Hakukufuru, hasha! Sala zake alizitimiza. Lakini kila baada ya sala aliomba dua moja tu: "Ya Rabbi, nichukue na mimi." Dua hiyo haifai, tunajua, lakini nani kati yetu angethubutu kumkemea? Chakula kilimshinda. Na lile donge, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kumkandia mkate, likaanza kukauka bakulini.

Asubuhi moja akabisha hodi jirani yake, Mzee Haritha mfumaji, ambaye tauni ilimwachia wajukuu wawili tu.

"Bi Umaima, naomba chachu. Watoto wana njaa."

"Niache, Haritha. Chachu yenyewe inakufa."

"Basi ihuishe, bibi wee. Yangu imeshakufa."

Akainuka akinung'unika, akalilisha donge unga na maji ya vuguvugu, akangoja mpaka likaumuka. Akamkatia kipande. "Ukikanda, bakiza cha kesho. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kesho yake, hodi! Haritha huyo.

"Hukubakiza?"

"Sikubakiza."

"Subhanallah! Mtu mzima na ndevu zako!"

Ikawa ndiyo desturi. Kila alfajiri ilimbidi Umaima ailishe chachu, maana Haritha atakuja tu, na wale yatima wana kosa gani? Akishamkatia lake, kilichosalia alikikandia mkate wake mwenyewe, kwani unga ulioumuka haungoji mtu. Siku moja alijikuta akicheka peke yake huku akitunga maneno ya kumkaripia yule mzee. Akashtuka. Akawalilia wanawe kilio ambacho hakuwahi kukilia tangu wafe, kisha akafuta uso akawasha tanuri. Jioni ile dua yake ilibadilika: "Ya Rabbi, niamshe kesho, yule mzembe asije akalala njaa na watoto."

Miaka ikapita, Haritha akaugua. Umaima akaenda kumjulia hali na mkate wa moto. Mgonjwa akaubonyeza kwa kidole, akaunusa.

"Leo umeutoa mapema tanurini," akasema.

"Haya! Tangu lini wewe ukajua mikate?"

"Marehemu baba alikuwa mwoka mikate. Nimekanda unga tangu sijabaleghe."

Umaima akasimama, mikono kiunoni. "Kumbe miaka yote hii ulikuwa ukinidanganya!"

"Hasha. Uliniuliza kama nimebakiza, nikakwambia sikubakiza. Hukuwahi kuniuliza kwa nini."

"Nakuuliza sasa."

"Ningebakiza, wewe ungeamka kwa ajili ya nani?" Akamrudishia mkate mkononi. "Na mimi je, Umaima? Nami niliwazika wangu. Ningetoka nje kwenda kwa nani?"

Umaima akaketi kando yake. Akaumega mkate, akamlisha kidogo kidogo. Alipofika mlangoni akageuka. "Kesho nakuletea mwingine. Ole wako nisikukute!"

Ndugu zangu, tumezoea kudhani mwenye subira ni yule aliyekaa kimya akingoja. Hawa wawili mmoja alibisha hodi, mwingine akaamka kufungua, na kwa hodi hiyo wakavuka msiba ambao hata mmoja wao asingeuvuka peke yake. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, na siku yetu ikifika, atujaalie jirani asiyebakiza.