Taa ya Kona ya Mwisho

Kabla hatujaimba tena, kaeni. Nina mtu wa kuwaonyesha. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtaanza kugeuka na kutazamana, na leo sitaki mtazamane. Nataka kila mtu ajitazame mwenyewe.

Mtu huyu alikuwa na pikipiki ya marehemu baba yake. Pikipiki ya zamani, ya enzi zile kijiji kizima kilikuwa nayo moja tu, na ikipita watoto wanaacha mchezo. Kwao ni milimani. Barabara inashuka kwa kona nyingi, na kona ya mwisho inatazamana na mlango wa nyumba yao, ng'ambo ya bonde. Baba yake akirudi kazini jioni, akifika kona ile, aliwasha taa ya pikipiki na kuizima, akaiwasha tena. Mama akiiona tu, anabandika sufuria ya maji ya ugali. Mzee akiingia ndani anayakuta yanachemka. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi ya wazee wetu, ndugu zangu. Hawakutumiana maua.

Mzee alipofariki, kijana akaichukua pikipiki. Ilikuwa imechoka, imeliwa na kutu. Akamwambia mama yake, "Naipeleka mjini nikaitengeneze. Siku ukiiona taa pale konani, ujue nimerudi."

Mjini mambo hayakumwendea. Kazi alizopata zilikuwa za leo ipo, kesho haipo. Kila Krismasi ilipokaribia alisema, mwaka huu hapana, nitakwenda na uso gani? Miaka ikapita hivyo. Hakumchukia mama yake, msimdhanie vibaya. Aliona haya tu, na haya ikishakaa ndani ya mtu inajenga, inaezeka, haitoki.

Ndipo dada yake, aliyekuwa akimuuguza mama, akampigia simu.

"Kaka, hali ya mama si nzuri. Kila jioni anataka tumkalishe mlangoni. Anaangalia kona."

"Mwambie nakuja Jumamosi. Naitengeneza pikipiki ya mzee. Nitakuja nayo, taa inawaka."

"Njoo na basi, kaka."

"Jumamosi," akasema.

Sasa niambieni, mtu aliyeambiwa maneno hayo angefanya nini? Si angekwenda stendi? Huyu alikwenda kununua rangi. Rangi nyekundu! Akapiga msasa, akapaka, ikakauka, akapaka tena juu yake, kila chuma, kila pembe, mpaka ndani ya matundu ya bolti, mpaka pale taa ya mbele inapokalia. Alitaka watu wa kwao waseme, kumbe huyu alikuwa anajenga maisha. Na kusema kweli ilipendeza. Akawasha injini, ikanguruma vizuri. Akabonyeza swichi ya taa. Giza.

Akabadilisha balbu. Giza. Akaweka betri mpya. Waya mdogo ndani ya balbu ukawa mwekundu kidogo, kama kijinga cha moto kinachozimika, halafu basi. Jumamosi ikapita akiwa amepiga magoti mbele ya pikipiki. Akabadilisha swichi. Akang'oa nyaya zote na kupitisha nyingine. Mke wake akamwambia, "Baba watoto, mama anakungoja wewe, hangoji balbu." Alianza kuamini kwamba jirani amemroga. Mtu akikataa kuliona kosa lake, jirani huwa karibu sana.

Mwisho akaisukuma hadi kwa fundi. Fundi akaizunguka, akagusa hapa na pale.

"Bwana, umeme ukienda kwenye taa lazima urudi," fundi akasema. "Ukikosa njia ya kurudi, taa haiwaki. Kwenye pikipiki kama hii unarudi kwa kupitia chuma chenyewe. Pengine rangi imeuzuia. Niruhusu nilegeze hii bolti nikwangue kidogo, chuma kiguse chuma."

"Ukwangue wapi?"

"Hapa mbele, taa inapofungwa."

"Hapo mbele ndipo kila mtu atakapotazama! Usiniharibie rangi yangu. Tafuta kosa lingine."

Fundi akacheka, akatafuta kosa lingine. Kwani fundi akikosa kosa lingine atakula nini? Na Jumamosi nyingine ikapita.

Dada akapiga tena. Safari hii sauti yake ilikuwa chini.

"Kaka, mama anasema uje hata gizani. Anasema ataujua mlio wake."

"Bado kidogo tu, dada. Nimebakiza kitu kidogo."

"Kila jioni anatuambia tubandike maji. Tunabandika, yanachemka, tunaepua."

Alipokata simu alilia. Nawaambieni alilia kama mtoto, na bisibisi ameishika mkononi. Mnaona msiba huo? Mtu analia kwa kumtamani mama yake, na kitu pekee kinachomzuia kumfikia ni zawadi anayomwandalia. Alikaa chini kwenye sakafu yenye mafuta na akasema kwa sauti, "Sitaiweza." Nayo ilikuwa kweli, asingeiweza kwa njia ile.

Simu ya mwisho ilikuwa ya neno moja. Dada alisema, "Njoo."

Hapo akaondoka, mchana, bila taa. Lakini safari ya milimani haina huruma kwa mtu aliyechelewa. Jua lilizama kabla hajazimaliza kona. Akaenda polepole, gizani, swichi ya taa ameiwasha kwa kubahatisha, macho yamemtoka, miguu anaiburuza chini kama mtoto anayejifunza baiskeli. Tairi la mbele likapanda jiwe. Akaanguka, na pikipiki ya baba yake ikaanguka juu ya mguu wake.

Na taa ikawaka.

Ndiyo, ikawaka! Ilimulika majani ya kando ya barabara, ikamulika ukingo, ikamulika damu kwenye goti lake. Akajivuta kutoka chini ya chuma akachungulia. Taa ilikuwa imegonga mwamba, kishikizo chake kimepinda, na ile bolti imesaga rangi yote mpaka chuma cheupe kikaonekana. Ni pale pale fundi alipoomba kukwangua. Akacheka peke yake, machozi yanamtiririka, akaiinua na kwenda mbio hadi kona ya mwisho.

Akasimama. Akawasha, akazima, akawasha tena.

Ng'ambo ya bonde, uani kwao, akaona moto. Moto mkubwa. Akapiga kelele, "Mama ameniona! Wamebandika maji!"

Ndugu zangu, ninyi si wageni katika nchi hii. Mnaujua moto mkubwa unaokokwa uani jioni, wanaume wameuzunguka kimya wamejifunika makoti. Mnajua ni moto wa nini.

Yeye naye alijua, ila alijua akiwa katikati ya mteremko. Aliingia uani taa ikiwaka mno, kuliko ilivyowahi kuwaka wakati wa baba yake. Hakuna aliyeinuka. Dada yake akatoka ndani, kanga kajifunga kiunoni, macho yamevimba. Hakupiga kelele wala hakumlaumu. Aliuliza tu, "Kwa nini hukupanda basi?"

Amesimama pale ameshika usukani, goti linavuja damu, na mzee mmoja pale motoni akainua kiganja kukinga uso wake.

"Bwana," mzee akasema, "zima hiyo taa. Inatuumiza macho."

Haya. Na sisi je?

Nawaona mlivyopendeza leo. Mashati yamepigwa pasi, vitambaa vimekaa sawa, rangi imekolea. Lakini humu ndani kuna mtu ambaye hajampigia mzazi wake, anangoja kwanza mambo yanyooke. Kuna mtu hajakaa na mke wake wakaongea ukweli, anangoja kwanza apate la kujitetea. Kuna mtu aliacha meza ya Bwana siku nyingi na anasema, nikiishinda pombe nitarudi. Tunamwambia Mungu "Jumamosi". Tunabadilisha balbu, tunabadilisha betri, tunabadilisha hata kanisa, na giza ni lile lile, kwa sababu pale panapotakiwa kukwanguliwa ndipo tunapopasitiri. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi naongeza kwamba wakati mwingine kifo chenyewe si chako. Anayekufa ni yule aliyekuwa anakungoja.

Najua mmezoea niwape faraja mwishoni, mtoke mnapumua. Leo sinayo. Yule mwanamume hakuipata, mimi niitoe wapi? Taa ya pikipiki ile inawaka hadi leo, na jioni akikaribia kona ya mwisho anaizima, anaipita kona gizani, maana hawezi kuvumilia kuona nyumba isiyomjibu.

Lakini wewe uliyekaa hapo, wako bado yuko mlangoni. Hakuuliza utakuja na nini. Ameshabandika maji, na sijui ataendelea kubandika hadi lini, wala wewe hujui.

Kwa hiyo msiniitikie amina. Nisikilizeni. Basi la milimani linajaza abiria sasa hivi. Aliye na mtu huko, ainuke atoke, hata kama sijamaliza kuomba.