Amma Senufa na Kosa Asilolitaja

Wapendwa katika imani, kati ya visa vya waja wa Mungu waliotutangulia, kipo kimoja chenye jambo ambalo nimelitafakari miaka mingi bila kulipatia jibu. Mwanamke mchamungu alidhihakiwa mbele ya wenzake kwa kosa ambalo hakulitenda. Sentensi moja tu ingetosha kumsafisha, nayo ilikuwa ya kweli, lakini hakuisema. Je, ulikuwa unyenyekevu, au ilikuwa hasira iliyovaa vazi la unyenyekevu? Waliotupokeza kisa hiki hawakutuambia, nami sitajifanya najua. Nakisimulia kama kilivyonifikia.

Zamani, Ukristo ulipokuwa umestawi katika nchi ya Wanubi, palikuwa na nyumba ya watawa wanawake iitwayo Tirsina, kwenye bonde kavu upande wa magharibi wa mto Nili. Walikuwa kama thelathini. Walisuka majamvi, walilima dengu, na walikutana kusali mara saba kila siku. Waliitana Amma, yaani mama, hata aliyekuwa kijana bado. Mkuu wao aliitwa Amma Irini, mwanamke mpole, si mwepesi wa maneno.

Miongoni mwao alikuwapo Amma Senufa, ambaye kwa kufunga hakuna aliyemfikia. Kwa muda wa miaka kumi na tisa, katika Kwaresima, hakuna chakula kilichopita kinywani mwake kabla ya jua kutua, hata alipokuwa na homa. Wanawake wa vijiji vya mtoni walimletea watoto wao wagonjwa ili awaombee, wakisema kwamba dua ya mtu afungaye namna ile haiwezi kurudi mikono mitupu. Simhukumu. Mtu anayesifiwa kila siku kwa jambo jema hupata taabu kujua ni lini ameacha kulifanya kwa ajili ya Mungu.

Alikuwapo pia Amma Tabita, msukaji hodari wa majamvi, mnene kidogo, mcheshi. Mama huyu alikuwa na maradhi ambayo hayakuonekana kwa nje. Akikaa na njaa kwa muda mrefu, mwili ulimtetemeka, macho yakaingia giza, akaanguka. Amma Irini alipolijua hilo alimwamuru ale kidogo kila asubuhi, hata siku za mfungo, akiwa peke yake chumbani ili asimkwaze yeyote. Siri hiyo ilibaki kati yao wawili.

Ijumaa moja, majuma matatu kabla ya Kwaresima, Amma Senufa alipita mbele ya chumba cha Tabita asubuhi, akamwona kupitia dirishani akitafuna mkate. Siku ile wote walikuwa wamefunga. Akaendelea na njia yake. Lakini jioni, watawa walipokuwa wamekusanyika ukumbini wakingoja jua litue, na Tabita akaingia amechelewa, Senufa alisema huku akitabasamu:

"Mpisheni Amma Tabita akae huko nyuma. Yeye hana haraka na jua. Tumbo lake lilishasali sala ya asubuhi."

Watawa wakacheka. Mmoja wao, Amma Nofri, ambaye hakuwa na ubaya wowote moyoni, akadakia, "Kumbe kuna mfungo wa namna hiyo? Na mimi nitaomba nipewe."

"Uombe kwa fundi," Senufa akamjibu. "Mwenyewe huyo hapo."

Wakacheka tena. Amma Tabita, aliyekuwa na jibu la mzaha kwa kila neno, siku hiyo hakujibu. Alikaa mahali alipoonyeshwa. Amma Irini hakuwapo ukumbini jioni hiyo, na hakuna aliyempelekea habari, kwa maana nani hupeleka habari ya kicheko? Tangu siku hiyo Tabita hakula tena asubuhi. Alificha kutetemeka kwake kadiri alivyoweza.

Sasa, watawa wa Tirsina walikuwa na desturi yao kabla ya kuingia Kwaresima. Walisimama katika mistari miwili wakitazamana, na kila mmoja alipiga magoti mbele ya kila mwenzake kumwomba msamaha. Haikutosha kusema nisamehe. Ilikuwa lazima mtu ataje alilolikosa, kwa jina lake, naye aliyekosewa alijibu, "Hilo nimekusamehe." Baada ya hapo kila mmoja alichukua mikate mikavu arobaini na mtungi wa maji, akaenda kukaa peke yake katika kibanda chake bondeni hadi Jumapili ya Matawi.

Zamu ya Senufa ilipofika mbele ya Tabita, alipiga magoti akasema, "Amma, nilichukua sindano yako ya kushonea majamvi bila ruhusa, nikakaa nayo siku mbili."

"Hilo nimekusamehe," Tabita akasema. Kisha hakumwachia mkono. "Hakuna lingine, dada?"

Senufa alifikiri. Lile neno la ukumbini lilimjia, naye akalipima. Lakini alikuwa amemwona kwa macho yake, na kwa hesabu yake mtu haombi msamaha kwa kusema kweli.

"Hakuna," akajibu.

"Haya," Tabita akasema, akamwachia.

Vibanda vya bondeni vilikuwa mbali kiasi kwamba mtu alisikika na jirani yake mmoja tu. Kwa hiyo kila mlango ulitundikwa ubao mkavu wa mgunga, na kila adhuhuri mtawa aliugonga mara tatu ili jirani ajue kwamba yu mzima. Ubao ukinyamaza, jirani alipaswa kwenda. Mbali na hilo, hakuna aliyeruhusiwa kutoka kabla siku arobaini hazijatimia. Jirani wa Amma Tabita mwaka ule alikuwa Amma Senufa.

Kwa siku ishirini na moja ubao uligongwa mara tatu. Siku ya ishirini na mbili uligongwa mara mbili. Senufa aliinua kichwa, akasikiliza, akarudi katika zaburi yake. Siku iliyofuata ukagongwa tena mara mbili, na kati ya pigo na pigo palikuwa na kimya kirefu. Alijiambia, "Amechoka mapema, kama kawaida yake." Siku ya ishirini na nne palisikika pigo moja. Hapo alisimama, akafika mlangoni, akashika kizingiti. Kanuni ilisema ubao ukinyamaza, nao haukuwa umenyamaza. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kutoka kibandani kabla ya wakati. Akarudi akaketi. Inasemekana kwamba katika maisha yake yote yaliyobaki, hakuna hatua aliyoijutia kama zile hatua sita za kutoka mlangoni kurudi kwenye mkeka.

Siku ya ishirini na tano ubao ulinyamaza, naye akaenda.

Alimkuta Tabita amelala chini ubavu, midomo imekauka, macho yako wazi. Mikate ilikuwa imepangwa ukutani, na kwa hesabu ya haraka ilionekana kwamba hakula hata nusu ya haki yake. Kando ya mikate palikuwa na chupa ya mafuta na kifuko cha tende, vyote vikiwa na lakiri ya Amma Irini, nayo haijavunjwa. Senufa aliitazama lakiri hiyo. Tirsina nzima ilijua kwamba katika Kwaresima mafuta na tende havitolewi kwa mtu yeyote isipokuwa mgonjwa, kwa amri ya mkuu.

"Amma," akauliza, "vitu hivi umepewa lini?"

"Kila mwaka napewa. Huu ni wa tatu."

"Na ile Ijumaa, asubuhi?"

"Nilikuwa nakula dawa yangu," Tabita akasema taratibu. "Ina ladha ya mkate."

"Kwa nini hukusema? Mbele ya watu wote, kwa nini hukusema?"

Amma Tabita aligeuza uso wake ukutani.

Senufa akachukua mkate, akauloweka katika mafuta, akaupeleka kinywani mwa mwenzake. "Kula, mama yangu. Nakuomba."

"Sili mbele ya mtu aliyefunga," Tabita akasema. "Nilifanya hivyo mara moja tu, ikanitosha."

Jua lilikuwa katikati ya mbingu. Senufa alibaki na mkate mkononi. Wasimulizi wanasema kwamba alitetemeka kama mtu aliyeambiwa akate kidole chake, nami naamini hivyo, kwa kuwa kile alichotakiwa kukiachia ndicho alichokuwa akijiita kwacho. Kisha akaumega mkate na kuutia kinywani mwake mwenyewe, akatafuna, akameza.

Tabita alikuwa amegeuka kumtazama. "Hiyo ni kuonja," akasema. "Kula vizuri."

Senufa akala vizuri. Ndipo Tabita naye akafungua kinywa, akapokea matonge matatu, akanywa maji. Rangi kidogo ikamrudia usoni. Senufa akapiga magoti pale mavumbini, akalitaja kosa lake kwa jina lake, neno kwa neno kama alivyolisema ukumbini. Akakitaja na kicheko, na lile jibu lake la mstarini, na pigo moja la jana.

Amma Tabita alimsikiliza hadi mwisho. "Siku ile nilikungoja," akasema.

"Najua sasa."

"Ningekusamehe papo hapo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi."

"Na leo, mama?"

"Leo nimechoka, dada. Niache nilale kwanza. Nikiamka tutaongea."

Akafumba macho. Senufa alikaa kando yake akimpepea kwa ukingo wa shela. Kabla jua halijashuka hadi ukingo wa bonde, Amma Tabita alikuwa amekwenda kwa Mola wake.

Baada ya maziko, Senufa alikwenda kwa Amma Irini na kumweleza kila kitu. Kisha akauliza, "Alinisamehe?"

"Sijui," Amma Irini akamjibu. "Ningeweza kukuambia ndiyo ukapata usingizi, lakini sikuwapo. Alikula nawe. Shika hilo, na mengine mwachie Mungu."

"Basi nipe adhabu. Niache nile mara moja kwa siku mbili, hadi kufa kwangu."

"Hapana. Hilo unaliweza, na unalipenda. Wala kosa si lako peke yako, binti yangu. Mimi ndiye niliyemwambia mgonjwa ajifiche akila. Nilidhani namhifadhi."

Ndugu zangu, tumeagizwa tufunge bila kujionyesha, tusali bila majivuno, na tuipatanishe mioyo yetu kabla hatujasogea madhabahuni. Huenda agizo hili la mwisho ndilo tunaloliahirisha kuliko yote, kwa sababu ndugu yupo karibu na siku zinaonekana nyingi. Amma Senufa hakuwa mtu mbaya. Alichelewa tu, akiwa na kanuni mkononi na hesabu yake ikiwa sahihi.

Amma Irini aliwaita watawa wote akatangaza uamuzi wake. Kuanzia siku ile, katika nyumba ya Tirsina, hakuna mgonjwa atakayekula peke yake. Watakula asubuhi ukumbini, mlango ukiwa wazi, na mtawa mmoja mzima ataketi nao kula chakula kilekile saa ileile, siku za mfungo zote, Kwaresima ikiwemo. Wanawake wa vijijini walipoisikia habari hiyo, waliacha kumletea watoto wao yule aliyepewa kazi hiyo. Aliyepewa alikuwa Amma Senufa, naye aliifanya kwa miaka ishirini na sita.