Programu Iliyotaka Kumfungia Tumpe Kibanda

Ndugu zangu, hii nimetumiwa asubuhi kwenye kundi la familia, nikaona nikikaa nayo peke yangu nitakuwa mchoyo. Isomeni taratibu.

Katika mji mmoja wa nyanda za juu, watu kumi na tisa walilazwa kwa kuharisha baada ya sherehe ya ubatizo. Vidole vyote vikamwelekea Tumpe, dada wa miaka ishirini na sita aliyepeleka mtindi pale. Bwana afya akafunga kibanda chake cha mtindi, akasubiri maabara. Maabara ikisema ndiye, leseni inafutwa na kibanda hakifunguliwi tena.

Pale maabara kulikuwa na mtafiti, Anyosisye, mwepesi sana wa kompyuta. Akachukua vinasaba vya bakteria wa wagonjwa na vya bakteria waliokutwa kwenye mtindi, akavilinganisha kwa programu mpya ambayo kila mtu anaisifu. Dakika mbili tu, jibu hili hapa: vinafanana kwa asilimia tisini na tisa nukta nane.

"Mama, kazi imekwisha," akamwambia mkuu wake, Dokta Atuganile. "Ni yeye."

"Hiyo programu umeipima?"

"Mama, programu ndiyo inayopima!"

"Haya, na yenyewe imepimwa na nani?"

Jamani, Anyosisye hakuwahi kuipima. Aliiamini kwa sababu ni ya haraka na jibu lake lina nukta.

Dokta akamfungulia faili la bakteria mwingine kwenye kompyuta. "Wale wa mtindi walinganishe na huyu pia."

Dakika mbili. Asilimia tisini na tisa nukta nane, vilevile.

"Huyu alitolewa kwa mgonjwa wa mkoa mwingine, miaka thelathini iliyopita," akasema Dokta. "Kumbe Tumpe alianza kuambukiza watu miaka minne kabla hajazaliwa!"

Maabara nzima ikaangua kicheko. Anyosisye hakucheka. Ripoti ilikuwa tayari kwenye bahasha, na sahihi yake chini. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Kumbe ile programu husoma vipande vichache tu vya vinasaba na kuruka vingine. Bakteria wa jamii moja wote inawaona ndugu wa tumbo moja.

Akaichana ripoti. Akachukua programu ya zamani, ile ya polepole waliyokuwa wakiicheka, akaitega kwanza. Aliipa bakteria mmoja kwa majina mawili, ikasema ni yuleyule. Akaipa yule wa miaka thelathini iliyopita pamoja na wa wagonjwa, ikasema si mmoja. Ndipo akaiuliza habari ya Tumpe.

Ilichukua siku mbili. Bakteria wa mtindi hawakuwa wale wa wagonjwa. Wa wagonjwa walikutwa kwenye maji ya tenki la ukumbi wa sherehe, yalipopimwa nayo.

Anyosisye hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe na bwana afya, akamweleza Tumpe yote, bila kuficha kosa lake.

Tumpe akamtazama sana. "Kwa hiyo mlitaka kunimaliza kwa dakika mbili?"

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

Majirani walikuwa wamejaa wakitazama. Tumpe akafungua kibanda, akachota mtindi kikombe kizima, akampa. Anyosisye akaunywa wote, palepale, mbele ya watu. Mama mmoja akasogea: "Na mimi nipe, mwanangu."

Funzo: Kabla hujamhukumu mtu kwa kipimo, kiulize kwanza hicho kipimo swali ambalo jibu lake unalijua.