Mwiba wa Bi Mwanamvua

Bi Mwanamvua alitolewa mwiba wa mchongoma kisiginoni. Mwaka jana kazi kama hiyo ilikuwa elfu kumi. Safari hii bili ilisoma laki tatu. Daktari Kirumbuyo, mwenye hospitali, akamzuia.

"Hutoki mpaka ulipe, na kitanda kinahesabiwa kila siku."

"Sawa, baba. Ila wodini joto. Niruhusu nikae pale mapokezi, nipunge upepo."

Daktari akaona hana hasara, akakubali.

Siku ya tatu mapokezi hapakuwa na mtu ila yeye. Daktari akamwita mlinzi.

"Huyu bibi anawaambia nini wagonjwa wangu?"

"Hawasemeshi, bosi. Wao ndio wanampa pole na kumuuliza anaumwa nini."

"Naye?"

"Anawajibu, 'Nilichomwa na mwiba, wanangu. Wenyewe ulishatoka, nimebaki mimi.'"

Adhuhuri haikumkuta hospitalini. Alikuwa kwake, tena kwa nauli ya daktari.