Karatasi za Sultani Darweshi

Palikuwa na sultani katika mji wa Mkokwani, jina lake Darweshi, mtu shujaa kupita kiasi. Simba hawakumtisha. Njaa ya raia wake ndiyo kabisa, haikumtisha hata kidogo. Kilichomtisha ni kusomewa karatasi zake.

Ofisini kwake mlikuwa na makarani wanne, na karatasi zote za nchi zilikaa katika sanduku moja. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao ulining'inia shingoni mwa sultani. Karani akitaka kuangalia kodi ya chumvi, amsubiri sultani aamke. Akiamka, amsubiri ale. Akishakula, analala tena. Waziri Shekue, ambaye akili zake zilikuwa nyingi kuliko kazi zake, akashauri kila karani anakili karatasi zote awe na zake mwenyewe. Wakanakili. Haukupita muda, kodi ya chumvi ikawa na viwango vinne tofauti, na wauza chumvi wakawa wanachagua karani kama mtu anavyochagua nyanya sokoni, huku wakimminyaminya.

Sultani akaitisha baraza.

"Nataka utaratibu mpya wa karatasi," akasema. "Makarani wote watumie karatasi zile zile, siku ile ile. Lakini karatasi yenye muhuri wangu haisomwi na mtu yeyote bila ruhusa ya kinywa changu. Na atakayekuja kunisumbua kwa kuomba ruhusa, jela."

Makarani wakatazama vidole vya miguu yao. Waziri akasema, "Hekima tupu, Maulana."

Kule nyuma, mtu akacheka.

"Nani huyo?"

"Mimi, Maulana. Hidaya, msuka mikeka. Nimefuata kibali changu cha kukata ukindu bondeni kwako. Naambiwa kimeandikwa, kimepigwa muhuri, kimelala sandukuni. Mlinzi wa bonde anataka kukiona, karani hathubutu kukitoa, na mimi nakaa nyumbani nahesabu mijusi."

"Na kinachokuchekesha?"

"Ni faraja tu, Maulana. Nilidhani kibali changu peke yake ndicho kilichofungwa. Kumbe karatasi zote zina kesi."

Watu wakameza kicheko, wengine kikawapalia. Sultani hakucheka.

"Una ulimi, bibi. Basi utaratibu huo utauchagua wewe. Masharti yake utaandikiwa, utaletewa mpaka mlangoni. Ijumaa usipokuwa umeyatimiza yote, nyumba yako itakuwa banda la punda wangu, na wewe utalala jela."

Bi Hidaya akarudi kwake. Nyumba ilikuwa ndogo, lakini marehemu mumewe aliipaka chokaa kwa mikono yake mwenyewe, na sasa punda angekuja kujikuna kwenye ukuta ule. Jioni askari akaleta karatasi, imekunjwa, imepigwa muhuri wa nta nyekundu.

"Wifi, fungua upesi!" akasema Bi Mwanakheri, dada wa marehemu. "Ujue wanachotaka, ujiokoe!"

Bi Hidaya akatia ukucha chini ya nta. Akasita. Akautazama muhuri, akautazama tena. Kisha akautoa ukucha taratibu, akaitia karatasi kapuni, akaomba apakuliwe wali.

Ijumaa baraza likajaa. Hata wasiokuwa na shida walikuja na shida.

"Utaratibu uko wapi?" sultani akauliza.

"Upo, Maulana. Kwanza nilitaka kuchagua shubaka la ukutani. Karatasi moja, mahali pamoja, karani anasoma, anairudisha, mwenzake anasoma. Lakini nikaona hilo linawafaa watu wanaotaka kazi iende. Nikachagua utaratibu wako mwenyewe, nikaujaribu."

"Kwa karatasi ipi?"

Akaitoa kapuni. Nta ilikuwa nzima, haina hata ufa.

"Kwa hii. Tangu ije kwangu haijasomwa na mtu. Hongera, Maulana, utaratibu unafanya kazi."

Waziri akaruka. "We mwanamke! Hiyo ndiyo amri yako! Umeandikiwa uisome!"

"Kwa ruhusa ya nani, Bwana Waziri? Si huu hapa muhuri?"

"Ungekuja kuomba!" sultani akafoka.

"Nije nikusumbue, Maulana? Na ile jela uliyoitangaza nimwachie nani?"

Sultani akamtazama waziri. Waziri akatazama dari, akaona ina buibui wa kuvutia sana.

"Kwa hiyo hukutimiza hata sharti moja."

"Sijui, Maulana. Huenda nimeyatimiza yote. Ni nani hapa aliyeyasoma?"

Karani aliyeyaandika akakohoa, kisha akakumbuka kwamba hana kikohozi.

Hapo sultani akasimama, kilemba kikamwangukia sikioni. "Basi! Waziri, andika! Hidaya afungwe mwaka mzima, na nyumba yake ichukuliwe! Piga muhuri sasa hivi, askari ampelekee bwana jela!"

Kalamu ikakwaruza. Nta ikayeyushwa, muhuri ukagandamizwa. Askari akaipokea hukumu kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto mchanga. Bi Hidaya akajifunga kanga vizuri, akamtangulia askari hadi mlangoni, akageuka.

"Samahani, Maulana. Bwana jela akija kukuomba ruhusa ya kuisoma hiyo, yeye atafungwa na nani?"