Nyegere na Milango Iliyoshika Kutu

Paukwa!

Pakawa!

Na wewe uliyeegemea ukuta, sikusikii. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na Nyegere, mlaji wa asali. Kila asubuhi Mlembe, ndege anayejua walipo nyuki, alimwita: "Chwirr, chwirr! Twende!" Wakapanda, wakashuka. Nyegere akala asali, Mlembe akapata nta yake. Ndiyo desturi yao.

Umri ukamkuta katikati, si kijana, si mzee. Nyegere akawaza: "Kwa nini niifuate asali? Nitahamia kwake." Akachimba shimo bondeni, chini ya mti wa nyuki. Ikawa kunyoosha mkono tu. Lamba, lala. Lamba, lala. Kitambi hicho!

Basi kiu ikamshika. Macho yakaingia ukungu. Na kila alipokojoa, sisimizi hao, foleni!

"Jamani, mna nini na mkojo wangu?"

"Ni mtamu, baba," akasema Sisimizi mkubwa. "Sukari unakula, lakini haikufiki. Ufunguo unao, ila milango ya nyama yako imeshika kutu kwa kukaa. Sukari inabisha hodi, hodi, haifunguliwi, inatoka nje. Sisi tunashukuru sana."

Mkewe akasikia. "Baba watoto, masika yaja. Bonde hili litajaa maji, na watoto wangali wadogo. Utachimba shimo kilimani, au utalamba tu?"

Nyegere akaona aibu. Akaona na hofu. Akatoka. Hatua kumi tu, akaketi, anahema. Mlembe mtini akacheka mpaka akataka kuanguka.

"Mwenzangu, umekuwa gunia?"

"Cheka," akasema Nyegere. "Ila kesho niite."

Kesho yake, chwirr! Hatua ishirini. Keshokutwa, hamsini. Siku ya saba akafika kilimani. Chimba, chimba, kwaru, kwaru! Mwili ukauma, akachimba. Sisimizi wakaanza kupungua.

Akajiona amepona. Akalala siku nne. Siku ya tano, foleni ileile!

"Mmerudi?"

"Kutu haina likizo, baba."

Nyegere akasaga meno. "Basi nami sina." Tangu hapo hakukosa siku hata moja.

Mawingu yakatanda. Ngurumo, mvua, bonde likajaa. Ule mti wa nyuki ukang'oka, ukaenda na maji. Juu kilimani, ndani ya shimo jipya, watoto watatu wakalala pakavu, wanakoroma.

Asubuhi Nyegere akatoka kukojoa. Sisimizi mkubwa akaja, akanusa, akawageukia wenzake: "Twendeni zetu. Huyu ametunyima."

 Mlembe alikwisha kuita, na Nyegere alikuwa njiani.

Watu wazima, mmesikia? Mwili wa makamo hufunguka kwa kutumika, tena kila siku. Ukikaa, unajifunga.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nani ananisindikiza nyumbani? Kwa miguu!